Ushauri: Mzee anataka kumlipia mdogo wangu chuo binafsi cha biashara Geneva kwa hela ya kiinua mgongo

dada_mkubwa:
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa mlioko Uswisi au mliowahi kusoma huko. Mdogo wangu kamaliza form six, EGM (uchumi, jiografia na hesabu), ana division two. Sasa kapata barua ya udahili toka chuo kimoja kidogo cha biashara kipo Geneva (jina naliweka kando), digrii ya biashara ya kimataifa miaka mitatu, Kiingereza mwanzo mwisho. Ada faranga 24,000 kwa mwaka, kwetu ni milioni sabini na kitu, hapo chumba na chakula bado. Depoziti faranga 5,000 na wakala anasema ilipwe kabla ya Ijumaa la sivyo nafasi anapewa mtu mwingine. Mzee kastaafu juzi tu, mafao yameingia na haambiliki, kila mgeni akija anatolewa brosha. Na hiyo brosha nimeikagua: mbele picha ya ile chemchemi yao inayorusha maji mita 140 juu, nyuma nembo sita za ithibati zimepangwa kama vizibo vya soda, sijui hata moja. Jengo la chuo lenyewe halionekani popote. Dogo anasema atapiga kazi za muda ajilipie ada kuanzia mwaka wa pili. Hii imekaaje?

Ngosha_halisi:
Dada, Ijumaa ya nini wakati chuo kinafunguliwa Septemba? Huyo anawahi kamisheni yake. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wanasajili mawakala wa kupeleka wanafunzi nje, angalia kama yumo kwenye orodha yao.

baridi_ya_leman:
Niko Lausanne hapa Uswisi miaka kadhaa sasa, ngoja niseme ninayoyajua.

Uswisi mtu kufungua shule ya biashara sio kosa, ni biashara kama nyingine. Ila digrii kutambuliwa na serikali ni habari tofauti kabisa. Kuna sheria ya elimu ya juu ilianza kutumika 2015, ikasema anayetaka kujiita chuo kikuu lazima apate ithibati ya taasisi nzima toka Baraza la Ithibati la Uswisi, waliokuwepo wakapewa mpaka mwisho wa 2022 kujipanga. Kwahiyo ingia swissuniversities.ch, kuna orodha ya vyuo vinavyotambuliwa, tafuta jina la hicho chuo herufi kwa herufi. Kama halimo basi halimo, usikubali stori za "tuko kwenye mchakato".

Hizo nembo nazo usizihesabu, zisome. Mfano wakikuonyesha eduQua: ile ni ya ubora wa utoaji mafunzo kwa watu wazima, haigeuzi cheti kuwa digrii ya serikali. Kwenye shule za biashara nembo zenye uzito ni AACSB, EQUIS na AMBA, hizo ni ithibati za kimataifa za shule za biashara. Na msije mkasema udogo ndo tatizo, hapana, IMD, shule ya biashara ya hapa Lausanne, ni binafsi, darasa lao la MBA ni kama watu mia tu, na wana zote tatu pamoja na ithibati ya Uswisi.

Sasa suala la dogo kujilipia ada, hapo ndo pa kumkalisha chini. Mwanafunzi asiyetoka Ulaya hapa haruhusiwi kufanya kazi miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo masaa 15 kwa wiki kipindi cha masomo. Kima cha chini Geneva ni faranga 24 na senti kwa saa, piga hesabu, 360 kwa wiki, mwezi 1,500 na kidogo kabla ya makato, na hapo umebahatika kuyapata masaa yote na Kifaransa huna. Chumba ukikipata kwa 700 unashukuru Mungu, bima ya afya lazima, bado kula, bado basi. Ada inatoka wapi?

Mtaalam_wa_Sinza:
Na akimaliza si anabaki anatafuta kazi?

baridi_ya_leman:
Mkuu kuna miezi sita ya kutafuta kazi lakini ni ya wenye digrii za vyuo vinavyotambuliwa, tena kazi yenyewe iwe ya umuhimu mkubwa kiuchumi au kisayansi. Geneva wenyewe wakati wa kuomba viza wanataka usaini barua kwamba ukimaliza unaondoka.

Bint_Chuma:
Mi natofautiana kidogo. Nilisoma kimoja cha aina hiyo, ghorofa ya pili juu ya kliniki ya meno, darasani hatufiki ishirini, mwalimu anajua mpaka jina la mama yako. Nilijifunza na network nilipata. Ila niseme ukweli wengi pale walikuwa watoto wa matajiri wanarudi kwenye kampuni za baba zao, hakuna anayewauliza cheti. Mimi niliporudi Bongo kuomba kazi serikalini niliambiwa kwanza cheti kipite TCU, na hapo ndo nilipozungushwa. Kama mzee wenu ana kampuni sawa, kama ana kiinua mgongo tu mmmh.

dada_mkubwa:
Asanteni jamani. Nimeangalia ile orodha, hakimo. Nikampigia wakala akasema cheti hakitolewi na wao, kinatolewa na chuo kikuu cha Uingereza wanachoshirikiana nacho. Hiyo inabadilisha kitu?

baridi_ya_leman:
Inabadilisha, kama ni kweli. Usiwaulize wao, kiandikie hicho chuo cha Uingereza moja kwa moja: je mna mkataba na shule hii, kwa kozi hii, kwa wanafunzi wanaoanza mwaka huu? Mikataba ya hivi huwa inaisha na brosha inabaki na nembo. Halafu jiulizeni, kama cheti ni cha Uingereza, gharama za Geneva mnalipia nini, chemchemi?

Ngosha_halisi:
🤣🤣 chemchemi

Mtaalam_wa_Sinza:
Na Ujerumani mbona hamuisemi? Vyuo vingi vya umma kule ada hakuna, ukitoa Baden-Württemberg wanaotoza wageni euro 1,500 kwa semista. Unaweka euro 11,904 kwenye akaunti maalum, zinatoka kidogo kidogo kila mwezi unakula mwenyewe. Ugumu ni kwamba digrii ya kwanza kwa Kiingereza zipo chache, na matokeo ya form six yanaangaliwa sana. Asome digrii Mzumbe au UDSM kwanza, masters ndo aende.

Bint_Chuma:
Naunga mkono. Na dada, kabla ya senti yoyote kutoka mwandikieni TCU na jina la chuo na la kozi, jibu liwe kwa maandishi. Mzee akiona barua yenye muhuri atasikiliza kuliko akikusikiliza wewe, wazee wetu tunawajua.

dada_mkubwa:
Barua ya TCU naipeleka kesho. Kuhusu depoziti, barua ya udahili inasema hairudishwi "kwa sababu yoyote ile".

baridi_ya_leman:
Hata viza ikikataliwa? Maombi yanapelekwa kantoni (serikali ya jimbo), wiki 8 mpaka 12 unasubiri, na wanaokataliwa wapo. Mwambie wakala aandike kwamba viza ikigoma hela yote inarudi, asaini yeye na chuo. Akikataa hapo hata TCU hamna haja ya kuwasubiri.