Kuweka vinili ya vibao mwenyewe juu ya simenti: chumba cha mita 3.3 kwa 4.2, nianzie wapi?

Binti_Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Chumba cha kulala, sakafu ya simenti tupu, ina nyufa mbili nyembamba na kibonde karibu na dirisha. Nataka SPC (vinili ngumu yenye unga wa mawe) ya kubana, ile ya vibao vinavyofungana vyenyewe bila gundi: unene milimita 5, kibao sentimita 122 kwa 18, vibao 10 kwa boksi, tayari kina sponji chini. Sijawahi kufanya kazi hii. Ninunue maboksi mangapi? Sakafu niitengenezeje? Na muuzaji anasema niongeze foma chini ili iwe laini, ni sawa?

FundiRula
Foma achana nayo. Kibao chenye sponji yake hakitaki sponji ya pili. Chini kukilegea, kila ukikanyaga kiungo kinacheza, na ulimi wa SPC (ukingo unaoingia kwenye mfereji wa kibao jirani) ni mwembamba na mgumu: haupindi, unakatika. Hapo vibao vinaachana na hakuna namna ya kuvirudisha.

Pesa ya foma ipeleke kwenye sakafu. Chukua rula ya alumini ya mita 2, ile ya mafundi plasta, ilaze kila upande na kwa mshazari. Mwanya chini ya rula usizidi milimita 3. Vinundu visage kwa grainda yenye diski ya zege, na uvae barakoa. Kibonde cha dirishani fagia, paka praima, kisha mimina saruji ya kujisawazisha. Usizibe kwa simenti na mchanga wa kawaida. Tabaka la milimita 3 au 4 halishiki, linamomonyoka chini ya vibao na utakuwa unasikia mchanga ukikanyaga. Nyufa zako zijaze tu, mradi pande zake zipo sawa, hakuna uliopanda juu ya mwingine.

Pima na unyevu. Bandika nailoni nzito ya sentimita 60 kwa 60, tepu pande zote nne, iache saa 24 au zaidi. Ukifunua ukakuta matone, au simenti imekolea rangi, maji yanapanda. SPC haiozi, lakini unyevu ukifungiwa chini unaleta ukungu na harufu. Tandika nailoni ya mikroni 200, mapande yapishane sentimita 20, tepu kwenye maungio.

Hesabu_Kwanza
Maboksi: 3.3 × 4.2 ni mita za mraba 13.86. Ongeza asilimia 10 ya mabaki, inakuwa 15.25. Boksi lako ni 2.196, kwa hiyo 7. Nunua 8, yote ya toleo moja (namba iko ubavuni mwa boksi), maana rangi hutofautiana kati ya toleo na toleo na hutaipata tena ukiharibu kibao mwakani.

Sasa kosa la wengi. Ukiacha milimita 8 za kutanuka kila ukuta, upana unabaki milimita 3284. Gawa kwa 180: safu 18 na kipande cha milimita 44. Kipande hicho ni chembamba mno, hakitulii na kinaonekana vibaya. Jumlisha 180 na 44, gawa kwa 2: safu ya kwanza na ya mwisho zote ziwe milimita 112, katikati safu 17 nzima. Lakini pima upana sehemu tatu kwanza, kuta zetu mara chache ziko sambamba.

KisuNaSkweya
Hesabu ya mkuu hapo juu inafuata urefu wa mita 4.2, na ndivyo ulaze. Safu ya kwanza ikate upande wa ulimi, upande uliokatwa uelekee ukutani, kabari za milimita 8 nyuma yake. Ipige uzi iwe imenyooka kabisa. Ikipinda milimita 2 hapo, safu ya kumi haifungi.

Kukata hakuhitaji msumeno. Chora kwa kisu juu ya skweya mara mbili tatu, kisha vunja. Safu ya kwanza itaishia na kipande cha sentimita 52.4, kinachobaki, 69.6, ndicho kinachoanza safu ya pili. Ya pili itaishia na 104.8, kinachobaki, 17.2, ni kifupi mno, kwa hiyo ya tatu anza tena na kibao kizima, na uendelee hivyo kwa zamu. Maungio yanapishana sentimita 52, wakati 30 tu yangetosha.

Ingiza ulimi ukiinamisha kibao nyuzi kama 20, shusha, kisha gonga upande mfupi wa kibao kwa nyundo ya mpira na kipande cha kugongea. Usigonge kibao chenyewe. Kikikataa, usiongeze nguvu: toa, safisha mfereji. Chembe moja ya mchanga inatosha kukizuia, na ukilazimisha unavunja ulimi.

Binti_Kigamboni
Asanteni sana. Mlangoni je? Na kuna kabati la ukutani linakuja baadaye.

FundiRula
Fremu ikate chini kwa msumeno wa mkono, ukiweka kipande cha kibao kama kipimo, ili kibao kiingie chini yake. Mlango usipopita, punguza kwa randa. Mpakani na korido weka stripu, ifungwe kwenye simenti.

Kabati la kujengea liwekwe kwanza, vinili iishie mbele yake. Sakafu hii inaelea, yaani haijagundishwa wala kupigiliwa kwenye simenti. Ukiibana kwa uzito mkubwa upande mmoja, joto la dirishani litaisukuma upande mwingine na itainuka katikati. Skatingi (ubao wa chini ya ukuta) nayo pigilia ukutani, isishike kibao.

Mwana_Likoni
Kama bajeti imebana, dada, kuna ule wa roli, huku twauita mkeka wa mbao. Mwingi ni upana wa mita 2, kwa hivyo chumba chako kitataka vipande viwili. Ukunjue ulale siku nzima kabla ya kukata. Pale pa kuungia, pishanisha sentimita 5 huku mchoro ukilingana, kata vyote viwili kwa pamoja, ndipo upake gundi. Lakini kibonde cha dirishani kitaonekana chote. Roli haifichi kitu.

Hesabu_Kwanza
Nyongeza: usitandike kapeti lenye mpira chini juu ya vinili. Mpira huacha doa la njano lisilotoka.