Baba wa babu yangu alitia kuni katika meli ya Wajerumani Kigoma: je, ilikuwa Liemba kweli?

Mjukuu wa Ujiji

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wengine wote.

Naomba msaada wa wale wanaoijua vizuri historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Ziwa Tanganyika. Katika ukoo wetu tumekua tukisikia kwamba baba yake babu alikuwa mtia kuni katika meli ya kivita ya Wajerumani, na kila Liemba inapotajwa wazee husema kwamba ile ndiyo meli yake. Sasa nimepewa kazi ya kuandika habari za ukoo, na aliyebaki mwenye kumbukumbu ni shangazi yangu mmoja tu, ambaye aliyasikia mambo haya kutoka kwa mama yake.

Shangazi anasimulia kwamba mzee huyo hakuwa Mha wala Mmanyema, bali alikuwa mtu wa Pwani aliyeletwa Kigoma kwa garimoshi pamoja na chombo alichokitumikia. Anasema kwamba siku moja chombo hicho kilipigwa mizinga, Mzungu mkubwa wao akafa, na mzee akachukuliwa na maadui hadi Kongo. Alirudi Ujiji baadaye akiwa na mke kutoka ng'ambo ya ziwa, na huyo ndiye aliyemzaa babu, wakati Waingereza walipokuwa wamekwisha kuichukua Kigoma. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu kubwa la kuungua, kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja. Hati hatuna, isipokuwa risiti moja ya kodi ya wakati wa Mwingereza, ambayo imeliwa na mchwa upande wa jina.

Je, naweza kuandika Liemba bila kuwadanganya watakaosoma baada yangu? Na kama siyo Liemba, nianze kutafuta wapi?

Mwisho wa Reli

Marahaba. Kwa maelezo uliyoyatoa, mimi nisingeandika Liemba.

Meli ile, ambayo Wajerumani waliiita Graf von Goetzen, ilitengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kuteremshwa majini Februari 1915. Haikupotea kwa kupigwa mizinga na adui. Julai 1916, Wabelgiji walipokuwa wanaikaribia Kigoma, Wajerumani wenyewe waliipaka grisi mashine zake kwa uangalifu na kuizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, wakitumaini kwamba siku moja wangerudi kuiibua. Walioiibua na kuirudisha kazini ni Waingereza, walioinyanyua mwaka 1924 na kuipa jina la Liemba ilipoanza safari mwaka 1927. Mtia kuni wa Goetzen angekuwa na kisa cha grisi na cha kuizamisha meli yao wenyewe, si cha mkubwa wake kuuawa.

Wajerumani walikuwa na vyombo vingine hapo Kigoma. Hedwig von Wissmann ilizamishwa na Waingereza tarehe 9 Februari 1916, na waliookolewa majini walichukuliwa mateka, lakini nahodha wake, Odebrecht, alitekwa akiwa hai. Kabla ya hapo, tarehe 26 Desemba 1915, siku ya pili ya Krismasi, Kingani ilitekwa karibu na Lukuga, upande wa Kongo, na boti mbili za Kamanda Spicer-Simson wa Uingereza zilizoitwa Mimi na Toutou. Mzinga wa Kingani ulikuwa umefungwa upande wa mbele tu, hivyo boti hizo zilipoijia kwa nyuma haikuweza kujitetea bila kugeuka. Mkuu wake, Junge, aliuawa palepale. Chombo chenyewe kilitengenezwa, kikaitwa Fifi, na ndicho kilichokuja kuizamisha Hedwig wiki chache baadaye.

Jambo linalonivuta zaidi ni hilo la Pwani. Kingani kilikuwa chombo cha Dar es Salaam kabla ya kupandishwa kwenye reli na kuletwa ziwani, na jina lake ni la mto wa huko huko, ule Ruvu unaoingia baharini karibu na Bagamoyo. Mtu wa Pwani kufuatana na chombo chake hadi Kigoma si ajabu hata kidogo.

Mtu wa Tabora

Mimi si mwanahistoria, lakini nilianza kazi ya reli hapa Tabora wakati ambapo injini za mvuke bado zilikuwa zinafanya kazi, na boila ni boila, iwe juu ya reli au juu ya maji. Naomba niseme machache kuhusu kazi ya mzee huyo, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mtia kuni alikuwa mbeba mizigo tu.

Makaa ya mawe hayakuwa rahisi kupatikana wakati ule, maana Waingereza walikuwa wameifunga pwani tangu Machi 1915, na kuni huungua upesi mno. Ukizitupa nyingi kwa mara moja, moto unafifia na moshi mzito unatoka, jambo ambalo ziwani lilikuwa sawa na kumwita adui. Ukizitupa chache, mvuke unashuka na chombo kinapoteza mwendo. Mtia kuni hodari hufungua mlango wa tanuri kwa muda mfupi, hutupa gogo mahali anapoona moto umetoboka, hufunga, kisha hutazama kioo kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya boila. Maji yakishuka chini ya kiwango, chuma cha juu ya moto hulainika, na hapo hakuna wa kusimulia. Naye huanza kazi saa nyingi kabla ya safari, kwa kuwa boila baridi haiamshwi kwa haraka.

Kuhusu kovu, mkono wa kulia ndio unaotangulia mlangoni, na pakipigwa wimbi wakati mlango uko wazi, mtu huangukia chuma. Sisemi kwamba lilikuwa hivyo. Nasema tu kwamba halihitaji vita ili lipatikane, kwa hiyo usiliandike kama jeraha la mzinga mpaka shangazi aseme hivyo mwenyewe.

Mjukuu wa Ujiji

Nawashukuru sana wazee wangu. Nitakwenda kwa shangazi mwisho wa wiki hii nimweleze habari za Kingani, nione atasemaje.

Binti Kasulu

Tafadhali usimweleze kwanza. Nimekusanya masimulizi ya wazee kwa miaka kadhaa, na nimeona mara nyingi kwamba mzee akishatajiwa jina na kijana anayempenda, hulipokea kwa heshima tu, na mwezi ujao atakusimulia kana kwamba alilisikia utotoni. Nadhani Liemba yenu iliingia kwenye simulizi kwa njia hiyohiyo, kwa sababu ndiyo meli pekee ya wakati ule ambayo watoto wa Kigoma walikuwa wanaiona bandarini. Muulize mambo ambayo hayana jibu ndani yake: chombo kilikuwa na watu wangapi, je kilizama au kilibaki, maadui walikifanya nini baadaye, na ilikuwa majira gani ya mwaka. Akisema mwenyewe kwamba hakikuzama, au kwamba Wazungu walikuwa katika sikukuu yao, hapo utakuwa na kitu cha uzito. Mrekodi kwa simu, na acha ukimya wake usikike bila kumkatiza.

Mambo ya ndoa ya Kongo hayanishangazi. Kuanzia 1916 hadi Machi 1921 Wabelgiji waliitawala Kigoma na Ujiji pamoja na ng'ambo, hivyo aliyetaka kuvuka na mke wake hakuwa anavuka mpaka wa dola mbili. Waulizeni pia wajomba wa upande ule, kama bado mnafahamiana nao. Ukoo wa mke mara nyingi hukumbuka vizuri zaidi mkwe alitoka wapi na alikuja na nani.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye karatasi. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya utawala wa Wajerumani, kumbukumbu za jeshi lao la majini ziko Freiburg, na za Wabelgiji wa Kongo ziko Brussels. Wenyeji mara nyingi waliandikwa kwa jina moja tu, kwa hiyo kabla ya kumwandikia mtu yeyote barua, pata kutoka kwa shangazi majina yote ambayo mzee huyo aliwahi kuitwa: la kuzaliwa, la utani na lile aliloitwa kazini. Na ile risiti usiifunge kwa plastiki. Itie katikati ya karatasi kavu, kisha piga picha nambari yake na jina la wilaya, maana hivyo mchwa hawajavifikia.