Kikundi: Ukoo wa Bibi – Harusi ya Maryam 💍

Zuhura: Asalaam aleikum wote. Mafuta ya karafuu nimeshayapata, kichupa cha mililita 10. Nataka kuyatia kwenye mafuta ya nazi ya kumsinga Maryam mwili, nazi yenyewe iko mililita 100. Nitie matone mangapi?

Fatma Muscat: Waaleikum salaam. Mimina nusu kichupa mwaya, anukie mpaka bwana harusi apotee njia 😂

Bibi: Mie nilisingwa karafuu wiki nzima na sikutoka hata kipele.

Mamdogo Rukia: Zuhura USITIE KITU. Nina mteja dukani, nakuja.

Zuhura: Haya, nimeweka chini 🙌🏾

Fatma Muscat: Mfamasia kaamka

Mamdogo Rukia: Nimerudi. Shikamoo mama. Shikamoo kaka Saleh, najua unasoma kimya kimya.
Mama, wewe ulisingwa karafuu, hukusingwa kichupa. Zako zilitwangwa na mawaridi, langilangi na liwa, zikatiwa marashi. Haya ya Zuhura ni mafuta yaliyokenekwa, yaani yamevutwa kwa mvuke, makapi yote yametupwa. Karafuu kavu ina mafuta asilimia 15 mpaka 20 tu, kwa hiyo kichupa kimoja kama hicho kimekula gramu 50 za karafuu, au zaidi.

Bibi: Marhaba mwanangu. Gramu 50 ndo ngapi?

Ami Saleh: Kama nusu kikombe cha chai, mama.

Bibi: Eeeh! Hiyo si pilau ya mtaa mzima?

Zuhura: Basi matone mangapi mamdogo, nazi inaganda hapa

Mamdogo Rukia: Kwa mwili karafuu isizidi nusu asilimia. Nazi mililita 100, karafuu nusu mililita, ni matone kumi hivi. Ila vichupa havidondoshi sawa, chukua bomba la sindano (bila sindano yake) upime. Usoni, kwapani na sehemu za siri usimpake kabisa.
Fatma, nusu kichupa chako ni karibu asilimia 5. Mara kumi ya kiwango.

Fatma Muscat: 🙈 Mbona daktari wa meno anakutia kinywani na hufi?

Mamdogo Rukia: Anatia kidogo, kwenye jino, tena akichanganya na unga wa zinki. Na anayapenda kwa sababu yana yuginoli, inatia ganzi. Hapo ndipo penye balaa: ngozi inaungua na Maryam anakwambia "nahisi kaubaridi, endelea".

Maryam: Mwenyewe niko humu jamani 👀 Na nilitaka ya ndimu pia, ning'ae. Ijumaa tuna picha za ufukweni Vumawimbi.

Mamdogo Rukia: Mwanangu wewe! Mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda la ndimu hayapatani na jua. Ukipaka ukatoka juani ngozi inakuwa nyekundu, inaota malengelenge, kisha inabaki na madoa meusi ya wiki, pengine miezi. Mnamkumbuka yule kijana aliyekamua ndimu za achari uani, mchana wa jua kali? Mikono ilibaki na michirizi kama mtu kamwagiwa chai.

Ami Saleh: Tukasema karogwa.

Mamdogo Rukia: Ndimu tu ile. Mwenye kupaka hayo akae masaa 12 bila jua. Yaliyokenekwa kwa mvuke hayana shida hiyo, lakini vichupa vingi havisemi mafuta yametolewaje. Bibi harusi mwenye picha ufukweni aachane nayo. Na mdalasini wa ganda msifikirie kabisa, ule ni mkali kuliko karafuu.

Maryam: Langilangi je?

Mamdogo Rukia: Ya kichupa huwapa wengine aleji. Mti wa Bibi umejaa maua, ya kichupa ya nini?

Wifi Halima: Na sie wenye mimba?

Mamdogo Rukia: Nazi tupu wifi. Mengine uliza kliniki.

Zuhura: [picha] Kichupa chenyewe hiki

Mamdogo Rukia: Nimekuza picha. Jina la mmea hakuna, tarehe hakuna, chupa ya plastiki, maandishi makubwa "asili 100%". Mafuta ya kweli huandikwa Syzygium aromaticum, na hukaa kwenye chupa ya kioo cheusi maana mwanga na hewa huyaharibu. Hayo mimi sipaki hata kisigino.

Zuhura: Pesa yangu 😭

Ami Saleh: Kesho napita Wawi, kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Nikuchukulieni?

Mamdogo Rukia: Chukua kaka. Ulizia kama ni ya makonyo, ya majani au ya karafuu yenyewe, waandike juu. Kipimo ni kile kile.
Zuhura, ukishachanganya mpake Maryam kidogo ndani ya kiwiko, funika kwa plasta, asilowanishe. Mtazame baada ya masaa 24, ukiweza ngoja mpaka 48. Ikiwasha, futa kwanza kwa nazi tupu ndipo sabuni na maji. Maji peke yake hayatoi kitu.
Na kichupa kiwe juu ya kabati, kimefungwa. Mwanao anaonja kila kitu. Kijiko kimoja cha mafuta ya karafuu kinaweza kumharibu mtoto ini.

Zuhura: Astaghfirullah. Sawa mamdogo.

Bibi: Nishamtuma mtoto achume langilangi. Karafuu nzima ninazo. Kinu kiko kwa nani?

Ami Saleh: Kwangu. Jana wametwangia pilipili.

Mamdogo Rukia: KIOSHWE.