Tupeane uzoefu: uliyewahi kukaa kwenye benchi la sinema Lindi au Mtwara, njoo hapa

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni.

Juzi nilikwenda Mikindani msibani. Baada ya maziko nikapanda hadi Boma. Mjerumani alilijenga 1895, likaja likaachwa likachakaa, mwishoni mwa miaka ya 1990 likakarabatiwa, na sasa ni hoteli ambayo vijana wanajifunzia kazi. Nikiwa na chai yangu pale, akili ikarudi Lindi kwenye jumba letu la sinema. Mara ya mwisho nililipita magunia yamepangwa mpaka mlangoni.

Nani aliingia humo likiwa hai? Na likifufuliwa, liwe la nini?

Naanza mimi. 1979, darasa la tano. Jumapili mama kanipa hela ya mafuta ya taa, mimi huyo dirishani, tiketi ya mbele kabisa, kule unakoangalia picha shingo imepinda. Mji mzima umo: wauza samaki, mwenye duka la vitambaa na wanawe, na mwalimu wangu wa hesabu. Adui anamnyemelea stelingi, mwalimu kapanda juu ya kiti: "Nyuma yako! Nyuma yako wewe!" Kesho yake darasani hakunitazama, nami sikumtazama. Nyumbani nilisema mafuta yamemwagika njiani. Yaliyofuata siyasimulii.

MWANA WA NDORO: Mkuu, mjomba wangu ndiye alikuwa anaendesha mtambo! Watu hawajui kazi ile. Mkanda mmoja ulikwenda kama dakika 20, kwa hiyo picha la Kihindi la saa 3 lilikuja na mikanda tisa hivi. Mitambo ilikuwa miwili: huu ukikaribia kuisha, ule unawashwa, na mjomba akisinzia tu ukumbi mzima unampigia miluzi. Masika ndiyo ilikuwa balaa, maana mzigo wa Dar ulikwama kivuko cha Ndundu, Mto Rufiji (Daraja la Mkapa lilikuja 2003, vijana mmefaidi). Safari moja picha limefika, mkanda wa tano haumo. Mjomba akatoka wa nne akaingia wa sita. Stelingi alikuwa jela, ghafla yuko harusini kavaa kilemba. Hakuna aliyedai hela yake. Watu walibishana wiki nzima sokoni ametokaje jela.

SHANGAZI WA MIKUMBI: Mimi niliingia bure miaka miwili, ndani ya buibui la shangazi yangu. Mkata tiketi alikuwa anaona miguu minne, ananyamaza. Kwetu wanawake ile ndiyo ilikuwa siku ya kutoka bila kuulizwa unakwenda wapi. Intavali ikifika taa zinawaka, unaona nani kavaa nini, nani kakaa karibu na nani. Posa ngapi zimeanzia kwenye kashata za intavali! Yangu mojawapo, ila huyo bwana hasomi huku.

DOGO LIGULA: Shikamooni. Sisi tuliozaliwa 2000 tunajua kibanda umiza tu, benchi la mbao na jasho. Lakini wakubwa, tusidanganyane. Mkilirudisha liwe la sinema peke yake litafungwa tena. Simu zipo.

MWANZISHA MADA: Marahaba, dogo. Hapo umegonga penyewe. Televisheni imeanza huku bara 1994, kumbi nyingi zilikuwa zimeshachoka kabla ya hapo kwa sababu ya video. Mimi sililii mtambo. Nalilia paa moja ambalo mwalimu, muuza samaki na mwenye duka walikaa chini yake. Mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, yachezwe humo mvua ikinyesha. Harusi, taarabu, mahafali ya watoto, mechi kwenye pazia kubwa. Lakini likiwa zuri la kupigia picha tu na mtu wa kawaida wa mtaani Mitema anaogopa kuingia, afadhali libaki ghala.

FUNDI CHOKAA: Naongezea la kazini kwangu. Kabla hamjachanga hata senti, gongeni ukuta mjue ni wa nini. Kama ni mawe ya matumbawe na chokaa, msije mkaupiga plasta ya saruji. Ukuta ule unahema. Saruji inaufungia unyevu, chumvi inafanya kazi ndani, baada ya masika kadhaa unabanduka vipande vipande. Nimeitwa mara nyingi kubandua saruji ya watu waliotaka "kuimarisha". Kama ni wa tofali za saruji, hesabu nyingine: angalieni nondo kwanza, pwani zinaliwa na kutu. Na sakafu? Ya sinema huwa na mteremko. Wenye magunia wengi husawazisha.

MWANA WA NDORO: Sakafu sawa si ndiyo nzuri kwa mapiko? Mteremko utamwangusha lipiko, yule mcheza kinyago.

FUNDI CHOKAA: 😂 Hapo umenishinda. Iacheni hivyo hivyo.

SHANGAZI WA MIKUMBI: Viti vya juu vilikwenda wapi jamani? Vile vya kukunja.

MWANA WA NDORO: Vya juu sijui. Lakini benchi moja la mbele lipo kwetu uani, mjomba alipewa badala ya mshahara wa mwisho. Tunalikalia tukibangua korosho. Lina namba bado, 14 mpaka 19.

MWANZISHA MADA: 17 ilikuwa yangu. Nakuja Jumamosi.