Mrejesho: ratiba ya mtoto, mimi Ujiji baba yake Kasulu

Wakuu, niliuliza tugawane vipi siku za binti yetu wa darasa la pili baada ya kutengana. Asanteni sana. Wiki kwa wiki tuliiacha, shule ingekufa. Tulifuata ushauri wa kwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Akamsikiliza na mtoto mwenyewe (Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kutoa maoni), tukaandikishana, tukasaini. Shule yuko kwangu, likizo ya Juni kwa baba, ya Desemba nusu kwa nusu. Hilo limekaa vizuri. Kilichogoma ni wikiendi mbili kwa mwezi: Jumapili usiku anashuka stendi kalala begani kwa baba yake, daftari la hesabu halijaguswa. Tumebakiza moja, na simu kila saa moja jioni. Baba mtu bado kanuna kidogo.