Ukoo wa Mzee Athmani: safari ya Ayalandi

*Jumatatu*

Shamsa (Dublin): Assalamu alaikum nyote. Shangazi Rukia, shikamoo. Niliandika Ijumaa, nikaandika tena jana, na waliojibu ni wawili tu, mmoja wao akiwa Swaleh aliyetuma picha ya kondoo. Ninarudia: katikati ya Juni napendekeza tukae Roundstone, kijiji cha wavuvi pwani ya Connemara, kaunti ya Galway, katika nyumba ya wageni ambayo mwenyewe anaishi humo humo na amebakiwa na vyumba vitatu. Anataka arbuni ifike kabla ya Ijumaa hii.

Swaleh (Hamburg): Yule kondoo alikuwa amelala katikati ya barabara, dada, na alionekana kuwa na msimamo kuliko kikundi hiki. Kwa nini tusikae kijiji cha Doolin, ambako kila mtu huenda?

Shamsa: Ni kwa sababu hiyo hiyo. Doolin ni pazuri, na majabali ya Moher yenye kimo cha mita 214 yako karibu nako, lakini mwezi wa Juni mabasi ya watalii hujaa, na Shangazi aliomba pwani iliyotulia. Roundstone ina gati lililojengwa na mhandisi Alexander Nimmo katika miaka ya 1820, na hadi leo wavuvi hushusha hapo kaa na kambakoche. Ukitoka kijijini kidogo unakuta fuo mbili zilizopeana mgongo, Gurteen na Dog's Bay, ambazo mchanga wake mweupe umetokana na makombe ya viumbe wadogo mno wa baharini. Siku moja tutakwenda Cleggan tupande feri hadi kisiwa cha Inishbofin, mwendo wa nusu saa hivi.

Shemeji Bahati (Brussels): Shemeji Shamsa, mpango wako ni mzuri, ila mimi ninaomba twende kaunti ya Kerry. Kwenye ufukwe wake wa Banna ndiko aliposhuka Roger Casement, mpigania uhuru wa Ayalandi, kutoka nyambizi ya Wajerumani tarehe 21 Aprili 1916, akakamatwa siku hiyo hiyo. Huyo ndiye aliyeandika ile ripoti ya 1904 kuhusu ukatili wa kuvunisha watu utomvu wa mpira kwetu Kongo, na sioni vipi Mkongomani atafika Ayalandi asisimame pale hata dakika tano.

Shamsa: Shemeji, nakuheshimu, lakini kutoka Roundstone hadi Banna ni karibu nusu siku ndani ya gari. Barabara za vijijini kule ni nyembamba, nyingine zina nyasi katikati, na tangu Februari 2025 mwendo wa juu kwenye barabara hizo ndogo umeshushwa kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa. Hatuwezi kumpakia Shangazi safari ya namna hiyo kwa ajili ya dakika tano.

Swaleh: Mimi nina kibali cha kuishi Ujerumani, kwa hiyo popote mtakapochagua nitafika tu.

Shamsa: Hutafika, Swaleh, na nimekuambia mara nyingi. Ayalandi haimo katika Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, nawe una pasipoti ya Kenya, hivyo unahitaji viza ya Ayalandi kama Shangazi anavyoihitaji, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya safari. Omar ana pasipoti ya Uingereza na Shemeji Bahati ni raia wa Ubelgiji, hao hawana shida. Vilevile acheni kutuma picha za Ayalandi ya Kaskazini: kule ni Uingereza, viza yao ni nyingine, na kutokuwepo kwa kizuizi mpakani si ruhusa ya kuvuka.

Zuhura (Brussels): Na chakula je? Nimesikia kwamba staftahi ya kule ni nguruwe mtupu.

Shamsa: Sahani yao ya kawaida ina soseji za nguruwe, vipande vya nguruwe vya kukaanga na soseji nyeusi ya damu, ni kweli. Nimezungumza na mama mwenye nyumba, akakubali kututengea uji wa shayiri, samaki wa moshi, mkate wa magadi, na mayai atakayoyapika katika chombo ambacho hakijagusa nguruwe. Chakula cha usiku hapiki. Kwa nyama tutazunguka kidogo tupitie Ballyhaunis, kaunti ya Mayo, mji mdogo wa bara wenye historia ya kiwanda cha nyama ya halali na msikiti uliojengwa mwaka 1987.

Swaleh: Basi yule kondoo wa picha yangu naomba asiambiwe lolote.

*Jumanne*

Shamsa: Bado nasubiri majina. Mwanajuma, nimeona umesoma.

Omar (Birmingham): Kabla ya kutoa arbuni nyingine, ninaomba nielezwe arbuni ya Malindi ilikwenda wapi. Nilituma sehemu yangu, nyumba haikupatikana, na mpaka leo hakuna aliyenipa maelezo.

Swaleh: Angalau Malindi kulikuwa na jua, kaka. Safari hii utadhulumiwa ukiwa umelowa.

Shamsa: Omar, hilo si jambo la kuzungumzwa hapa.

Omar: Fedha zilichangwa hapa, basi na jibu liletwe hapa.

*Jumatano*

Shangazi Rukia (Mombasa): Waalaikumu salaam, wanangu. Nimesoma yote. Swaleh, nyamaza. Omar, fedha ya Malindi Shamsa hakuila. Mimi ndiye niliyemwambia aitoe, na sababu yake utaniuliza tukiwa wawili, wala usiiulize tena mbele za watu. Masista wa Loreto walionisomesha Mombasa walitoka nchi hiyo, nami nimetaka kuiona tangu ningali msichana, lakini sitapanda ndege kwenda kukaa nyumba moja na watoto wa kaka zangu wasiosalimiana. Jambo jingine: Shamsa amenieleza kwamba jua la Juni huko linazama baada ya saa nne ya usiku, basi huyo mama aambiwe mapema kwamba wageni wake watakuwa wakitawadha usiku mkubwa na tena alfajiri, asije akadhani ameingiliwa na wezi.

*Alhamisi*

Omar: Nimesoma, Shangazi. Nitakupigia simu kesho baada ya sala ya Ijumaa. Shamsa, masalkheri. Nikija, nitavuka na gari langu kwa meli ya kutoka bandari ya Holyhead, Wales, kwa hiyo usikodi gari kubwa kwanza.

Shamsa: Masalkheri, kaka. "Nikija" haiwezi kuandikwa kwenye orodha, lakini nimeipokea. Vyumba viwili nimevilipia arbuni mwenyewe leo, kimoja cha Shangazi na mimi, kingine cha Zuhura na Shemeji. Cha tatu nimeomba kisubiri hadi kesho usiku.

Shemeji Bahati: Ahsante sana, shemeji. Kutoka Banna kurudi Dublin, je, kuna treni?

Mwanajuma (Muscat): Samahanini, nilikuwa na zamu za usiku. Mimi na watoto tuhesabiwe, inshallah, ila niulizieni kama nyumba hiyo inapokea watoto, kwa sababu nimesikia baadhi yao hazipokei, na wangu ni watatu.

Shamsa: Watatu, katika chumba kipi?