Wazazi Brampton, Kanada 🇰🇪🇹🇿

[07:02] Mama Zawadi: Wazazi amkeni. Zawadi ananiambia kuna mtoto darasani kwao anavaa KISU na mwalimu anajua!! Nimemwandikia barua mwalimu mkuu, kila mtu aweke jina hapa kabla ya saa sita
1. Mama Zawadi
2.

[09:40] Mama Zawadi: Tiki za bluu naziona. Baba Trevor?

[09:52] Baba Trevor: Kisu cha mkate ama cha nyama, maana yule mbuzi wa Julai tulimkata na kijiko 😂😂

[09:53] Baba Trevor: 2. Mbuzi

[10:15] Kevo: Si kirpan hiyo, kile kisu cha dini cha Makalasinga? Shule za huku kwetu Peel ziliruhusiwa tangu 1990. Na Montreal kuna kijana, Gurbaj Singh Multani, yake ilianguka uani shuleni 2001 wakamkatalia, kesi ikafika Mahakama ya Juu, 2006 akashinda. Ila masharti, ikae ndani ya nguo, ala ya mbao, ishonewe kwenye kitambaa

[10:21] Mama Zawadi: Uzi unakatika Kevo. Zawadi walimnyang'anya kamkasi ka kukatia karatasi, ncha butu kabisa

[10:22] Baba Trevor: Mkasi haujabatizwa 😂

[10:40] Halima: Binti yangu alipoambiwa avue hijabu ndo acheze basketi nilikuomba saini ukasema dini tuache nyumbani. Leo barua

[10:41] Mama Zawadi: Halima njoo inbox

[10:41] Halima: Siji

[18:37] Mama Arjan: Hamjambo, nilikuwa shifti. Huyo ni Arjan wangu. Alipokea amrit, ubatizo wetu, sikukuu ya Vaisakhi hii, kirpan hawezi kuivua. Ni fupi kuliko kalamu yake, haina makali, nimeishona mwenyewe na ala yake kwa uzi wa nailoni, hata mimi kuitoa nahitaji wembe. Mama Zawadi si ungenipigia tu, namba yangu unayo tangu Kisumu

[19:05] Mzee Odhiambo: Nimeendesha lori la Mombasa miaka mingi. Makindu nimelala gurdwara, hekalu la Makalasinga, na kula dengu na chapati bila kutoa shilingi, na waliokuwa wakinipakulia wamevaa kirpan. Mama Zawadi, mwanangu, jirani huendewa mlangoni kwanza. Barua itoe.

[19:48] Mama Zawadi: Shikamoo mzee. Nimesikia. Ila nilishaituma saa sita

[19:49] Baba Trevor: Na jina langu???

[19:55] Mama Zawadi: Mama Arjan nije kesho jioni? Tutaandika nyingine, lakini hao walimu nao waseme nani anakagua hizo nyuzi

[20:30] Kevo: Na ya hijabu iingie humo humo

[21:12] Mama Zawadi: Mama Arjan?